Kwa mwalimu mpya wa sayansi uliyepangiwa pwani ya Tanga

Ukipewa Jiografia au Fizikia ya madarasa ya chini ya sekondari huku Tanga, mada ya kupwa na kujaa kwa maji ya bahari usiifundishe kwa mchoro wa kitabu peke yake. Darasani hamkosi watoto ambao baba, mjomba au bibi anaishi kwa maji hayo. Anza na swali dogo: leo mwezi ngapi? Mtoto wa mvuvi wa Sahare au Kigombe atakutajia tarehe ya mwezi mwandamo, si ya kalenda ya ukutani, na ataongeza kama bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa kupita kiasi, limekaribia au bado.

Wengi wetu tunamwalika mzee, anasimulia, tunampigia makofi, halafu tunafuta ubao na kuanza "sayansi yenyewe". Mzee anakuwa kama ngoma ya kupokelea wageni. Ushauri wangu: maneno yake yaingie kwenye somo kama dai, lipimwe kama dai lolote, na dai la kitabu lipimwe vilevile.

Chukua hili la kwamba maji ya kesho huchelewa kuliko ya leo. Tafuteni nguzo ya gati, muitie alama kila sentimita 10 (mti wa kuchomeka ufukweni haufai, bamvua likipwa unabaki mchangani). Watoto waandike saa ambayo maji yamefika juu kabisa. Siku chache tu wataona yanachelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi kila siku. Sasa chora: dunia ikimaliza saa 24, mwezi umeshasogea mbele, inabidi dunia izunguke kidogo zaidi kuufikia. Mkiendelea kupima, mtaona kwamba wakati wa bamvua tofauti ya kupwa na kujaa huzidi mita 3, na kwenye maji mafu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu, hushuka hadi karibu mita 1.

Kuna mahali mvuvi atakisahihisha kitabu. Mchoro unapanga jua, mwezi na dunia kwenye mstari mmoja, na mwanafunzi anaamini bamvua kubwa ni siku ileile ya mwezi mpevu. Mvuvi atakwambia subiri siku moja au mbili. Nguzo yenu itamuunga mkono.

Kalenda nayo ina utajiri. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 hivi, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Nahodha hawezi kutegea pepo za kaskazi na kusi kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo Waswahili walihesabu pia mwaka wa siku 365 kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wao, kwa miongo ya siku kumi kumi. Waulize wanafunzi: miongo 36 ikiisha, zinabaki siku ngapi, na kwa nini Nairuzi inasogea taratibu kwenye kalenda ya ukutani? Hapo mwaka mrefu, ule wa siku 366, unaingia wenyewe.

Kanada, Mzee Albert Marshall wa Mi'kmaq, watu wa asili wa huko, anaita njia hii kuona kwa macho mawili: jicho moja lione nguvu ya elimu ya wenyeji, la pili nguvu ya sayansi ya Magharibi, na yote mawili yatumike pamoja. Naipenda kwa sababu haimlazimishi mtu kufumba jicho moja.

Dawa za miti nenda nazo polepole. Ni kweli Tu Youyou wa China alipata Nobeli mwaka 2015 kwa dawa ya malaria aliyoifikia kwa kusoma maandishi ya tiba za kale, lakini kazi ile ilipita maabara. Darasani msionje kitu. Mganga akikataa kutaja mti wake, mwache, ni mali ya ukoo. Na habari za mizimu usizikejeli wala usizitungie swali la mtihani.

Mgeni wako mpe nauli na umpe kiti mbele. Ukitaka kumwalika mama anayevua pweza, tazama mwezi kwanza. Bamvua la Tanga hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na saa hizo yuko mwambani na fimbo yake. Mpangie asubuhi ya maji mafu, na umuombe mwalimu wa taaluma mbadilishane vipindi mapema.