Je, nifunge fremu nihamie mtandaoni? Jibu kwa muuza vitenge wa Kariakoo

Ndugu yangu, nimekuelewa: wateja wako wengi sasa wanaagiza vitenge kwa WhatsApp na Instagram, na kodi ya fremu inakuelemea. Ushauri wangu ni kwamba usiifunge bado. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazoleta intaneti zilipokatika, intaneti ilizorota nchini kwa siku kadhaa, na aliyetegemea ukurasa mmoja tu alikosa pa kuuzia.

Anza kwa kuhifadhi namba za wateja katika daftari lako mwenyewe, kwa ridhaa yao, kwa sababu ukurasa ukidukuliwa au ukifungiwa, wafuasi wote hupotea nao. Ukishafanya hivyo, sajili anwani yako ya mtandaoni inayoishia na .co.tz. Wazoeshe pia wateja kulipa kwa menyu ya M-Pesa ya *150*00#, ambayo haihitaji bando. Hili naliona muhimu kuliko tovuti ya gharama kubwa.

Kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu hata orodha ya namba hizo. Kabla ya kuvunja mkataba wa pango au kukopa, muone mwanasheria na mhasibu.