Baada ya Chaplin, mtafute Keaton

Kwa kuwa umeuliza utazame filamu bubu zipi baada ya kuzimaliza za Chaplin, ningekushauri uanze na Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, ambamo ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia mchekeshaji Buster Keaton wakati wa kimbunga, naye anasalimika kwa sababu tu amesimama pale pale linapopita dirisha la juu lililo wazi. Ukuta ule ulikuwa wa kweli na mzito, wala hapakuwa na ujanja wa kamera. Kisha tafuta filamu ya Carl Dreyer kuhusu kesi ya Joan wa Arc, shujaa wa Ufaransa wa karne ya 15, nayo ya 1928, ambayo kwangu ndiyo kilele cha zama zile. Humo uso wa Renée Falconetti, anayeigiza Joan, usio na vipodozi, hujaza skrini kiasi kwamba unayaona machozi yakimlengalenga kabla hayajadondoka. Negativu ya kwanza, yaani ule mkanda asili wa kuchapia nakala, iliungua, na nakala ya toleo la awali ikaja kupatikana mwaka 1981 katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo, Norwe. Sunrise ya F. W. Murnau, ya 1927, nayo usiiache.