Haragwe Puani, Wali wa Wakwe na Kiatu cha Kushoto: Majibu kwa Akina Mama

Barua zilizotufikia mwezi huu zimetoka kila kona, lakini ukizisoma mfululizo unaona kosa ni lilelile: mkono umekimbia kabla akili haijavaa viatu. Doa limesuguliwa, wali umekorogwa, pini imepelekwa puani. Tumechagua zile ambazo bado zina dawa.

*Nilimwachia mwanangu wa miaka mitatu sinia la maharage achambue ili nipate nafasi ya kufua. Alichambua vizuri sana, ila moja alilipeleka puani. Dada wa kazi akasema tulivute kwa pini ya nywele. Bibi yake akasema anusishwe pilipili manga apige chafya. Tulimaliza hospitali. Siku nyingine nimsikilize nani?*
Mama wa mchambuzi, Mbagala

Usimsikilize hata mmoja. Pini hulisukuma haragwe nyuma, na nyuma ya pua ndiko koo liliko; likidondoka huko linaweza kuvutwa kwenye njia ya hewa. Pilipili nayo, kabla mtu hajapiga chafya huvuta pumzi ndani kwa nguvu, na haragwe hufuata pumzi. Maji usimimine pia. Haragwe kavu likipata unyevu huvimba, na lililoingia kwa urahisi saa nne asubuhi huwa limekwama kabisa ifikapo mchana.

Kuna njia ambayo madaktari wanaifahamu kwa jina la busu la mama. Ilielezwa mwaka 1965 na daktari wa New Jersey, Marekani, Vladimir Ctibor. Kwanza mtulize mtoto, mwambie unampa busu kubwa, na umwombe apumue kwa mdomo. Mpakate au mlaze chali. Kwa kidole ziba tundu la pua lisilo na kitu. Mdomo wako ufunike wake wote pasivuje hewa, kisha pulizia polepole mpaka uhisi hewa inagoma kwenda. Hapo ndipo unatoa pumzi moja fupi, ya ghafla, kama unayezima mshumaa. Hewa ikikosa pa kupita hutokea kwenye tundu lenye haragwe na kulisukuma nje. Mara nyingi linaishia shavuni kwako pamoja na kamasi, basi uwe na kitambaa karibu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikuta njia hii inafaulu karibu mara 6 kati ya 10. Ijaribu mara mbili au tatu. Ikishindikana nendeni hospitali, na njiani asivute makamasi ndani.

Yanayoharibu ni haya: mdomo wa mama haukufunika vizuri, tundu lisilo na kitu halikuzibwa, au mtoto ameshapigwa kofi na analia kwa kwikwi. Mtoto wa kwikwi hashikiki.

Kuna kitu kimoja kisichosubiri busu wala mganga: betri ndogo ya mviringo, ile ya saa, rimoti na midoli inayolia. Ikikaa puani huunguza nyama ndani ya saa chache tu, hata kama ilikuwa imekwisha chaji. Usidondoshee dawa yoyote, usingoje baba arudi, nenda hospitali dakika hiyohiyo. Sumaku nazo vivyo hivyo. Na ukiona tundu moja tu la pua linatoa usaha wenye harufu kali huku la pili ni safi, usinunue dawa ya mafua. Huenda kuna mgeni ameishi humo wiki mbili.

*Jumapili saa mbili usiku, shati jeupe la shule, peni imevuja mfukoni. Nimesugua kwa sabuni ya mche, doa likatanuka kama ziwa. Nikatia dawa ya madoa ya klorini, sasa shati lina bluu na njano, rangi ambazo kwenye sare hazimo.*
Mama wa darasa la tatu, Tabata

Wino wa peni ya kawaida ni wa mafuta. Maji na sabuni haviujui. Unayeyushwa na spiriti ya duka la dawa au sanitaiza ya mikono yenye alkoholi nyingi. Kabla shati halijaguswa na maji, tandika kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne ndani ya mfuko, chini ya doa. Dondoshea spiriti, subiri dakika moja, kisha gandamiza kwa pamba ukianzia ukingoni kwenda katikati. Tumesema gandamiza. Wino unatakiwa ushuke kwenye kitambaa cha chini, kwa hiyo kila kikichafuka kisogeze upate sehemu safi. Doa la ukubwa wa shilingi hula kama vijiko vinne vya chakula vya spiriti na robo saa ya uvumilivu. Kaa mbali na jiko, spiriti inashika moto. Ukimaliza fua kwa sabuni na maji ya baridi, na pasi isipite mpaka uhakikishe doa limekwisha, maana joto huligandisha.

Ile njano ya klorini haitoki. Mashati mengi ya shule yamechanganya pamba na poliesta, na weupe wake umeongezewa king'arishi kiwandani. Klorini kali hukiharibu, nguo ikabaki na rangi ya chai ya maziwa. Shati hilo libadilishe liwe la kuchezea.

Madoa mengine kwa kifupi. Damu: maji ya baridi tu, ya moto huipika. Tope: liache likauke, kung'uta, ndipo uloweke, wengi hulifua bichi na kulisambaza nguo nzima. Kutu ya kamba ya waya: ndimu na chumvi, anika juani saa moja au mbili, suuza. Kutu usiitie klorini, itazidi kukolea, na klorini isikutane kamwe na ndimu wala siki kwenye beseni moja, kwa sababu inatoa hewa ya sumu. Utomvu wa ndizi au wa korosho ukishakauka ukawa kahawia, tunakupa pole.

*Bigijii imenata kwenye nywele za binti, juzi tu kasukwa kwa elfu kumi na tano.*
Mama, Morogoro

Mkasi uweke chini. Paka mafuta ya nazi mengi juu ya bigijii, subiri dakika kumi, isugue kati ya vidole ikianza kuteleza, na uivute kuelekea ncha za nywele. Siagi ya karanga inafanya kazi ileile, ila nzi watajua. Ikiwa imenata kwenye sweta, iweke ndani ya mfuko kwenye friza saa moja, kisha ibandue kwa mgongo wa kijiko.

*Wakwe walikuwa sebuleni, wali wa nazi ukaanza kunuka moshi. Niliukoroga haraka nisawazishe. Ukasawazika kweli: sufuria nzima ikanuka.*
Mkwe mpya, Tanga

Dada, hilo ndilo kosa lenyewe. Harufu ilikuwa chini, wewe ukaipandisha juu kwa mwiko. Wali ukianza kunuka, epua, usifunue sana, na uikalishe sufuria kwenye beseni lenye maji baridi ya kufika vidole viwili kwa dakika tatu. Ukoko unaacha kuungua. Halafu pakua kutoka juu kwa upole kwenda sufuria nyingine, ukiacha unene wa vidole viwili chini, na usikwangue hata kama unaona ni hasara. Onja kijiko kimoja. Ukiwa na harufu ya mbali tu, weka vipande viwili vya mkate juu ya wali, funika dakika kumi, uvitoe. Vitakuwa vimenyonya moshi kiasi. Ukiwa mchungu, umekufa. Kuongeza hiliki hapo ni kupata moshi wenye hiliki.

Kwa nini uliungua? Tui zito liliingia mapema. Mafuta na machicha yake hushuka, na sufuria nyembamba ya bati haisamehe. Anza na tui jepesi. Kwa vikombe viwili vya mchele, jumla ya tui iwe vikombe vitatu, au vitatu na nusu kama mchele ni wa zamani, kwani mchele mpya una unyevu wake tayari. Ukichemka kwa tui jepesi na maji kukaribia kukauka, ndipo umimine kikombe cha tui zito ulichokitenga, ugeuze mara moja na kufunika. Makaa yapunguze chini yabaki matatu manne, mengine yapande juu ya mfuniko. Kupalia ni moto wa juu. Wengi huacha jiko lote likiwaka chini na kuweka makaa mawili juu kama mapambo.

*Mwanangu ana mwaka na miezi minane. Kwangu hali. Kwa jirani anakula mpaka analamba sahani, na jirani ananiangalia kama vile nampa mawe.*
Mama aliyeaibika, Kigamboni

Hesabu kwanza alichokula kabla ya chakula. Uji saa nne, biskuti ya kumnyamazishia, juisi ya pakiti, maziwa, na kipande cha andazi kutoka mkononi mwa baba. Tumbo la umri huo linabeba kama robo tatu ya kikombe cha mililita 250, likizidi sana kikombe kizima. Ukimpakulia sahani ya mtu mzima akaacha nusu, ameshiba, hajagoma. Umri huo anahitaji milo mitatu hadi minne ya kiasi hicho na kitafunwa kimoja au viwili.

Funga duka saa mbili kabla ya mlo: maji tu. Maziwa ya ng'ombe yasizidi vikombe viwili kwa siku, na chai isikae karibu na chakula, inazuia mwili kupokea madini ya chuma. Mlo uchukue dakika ishirini, thelathini zikizidi. Kisha ondoa sahani bila hotuba. Halafu fanya anachofanya jirani bila kujua: weka sinia moja na watoto wengine, nawa ukae nao, usimtazame mdomoni. Kwa jirani hakuna anayempigia magoti na kijiko cha ndege inayotua.

Unga wa lishe wenye nafaka na mbegu kumi na mbili haumsaidii. Karanga na soya zilizosagwa pamoja na nafaka huchacha upesi, na karanga zenye ukungu zina sumukuvu. Nafaka moja au mbili zinatosha. Karanga zikaange, zisage kidogokidogo na uzitie wakati wa kupika. Mwamuzi ni kadi ya kliniki: mstari ukipanda, lala usingizi. Ukilala wenyewe au kushuka kwa miezi miwili, wahi kliniki.

*Wa miaka sita bado anakojoa kitandani. Godoro likitoka uani mtaa mzima unapata habari. Nimejaribu kumwamsha saa sita, nimemtishia kumvalisha gunia.*
Mama, Mwanza

Gunia liache. Wakiwa na miaka mitano, karibu watoto 15 kati ya 100 bado wanakojoa usiku, wa kiume zaidi, na wengi huwa wamerithi. Muulize bibi wa upande wa baba, atakuambia ya baba. Kumwamsha kunaokoa shuka la usiku huo tu, hakutibu. Mpe maji mengi mchana, yapungue baada ya magharibi. Chai na soda za rangi ya kahawia zikome mapema. Angalia choo chake: kikiwa kigumu kinabana kibofu, na wengi hupona hapo tu. Alikuwa mkavu miezi sita kisha akaanza upya, anaumia akikojoa, au ana kiu isiyoisha? Mpeleke kwa daktari.

Godoro: likandamize kwa taulo kavu likiwa bado bichi (mkosaji asimame juu yake, anapenda). Nyunyiza siki nyeupe na maji sawa kwa sawa, bila kulowesha, kandamiza tena, nyunyiza vijiko vinne vya bekingi soda, acha saa sita, pangusa. Lisimamishe juani hewa ipite pande zote. Likilala chini linakauka juu na kuoza chini. Kanga nyepesi juu ya doa itazuia majirani kusoma ramani. Klorini kwenye mkojo, hapana, hewa yake inachoma mapafu. Kisha tandika nailoni nene chini ya shuka, na shuka la pili juu yake pamoja na nailoni nyingine: usiku unavua tabaka moja, unarudi kulala.

*Basi la shule linapita saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Watoto wawili, viatu vitatu. Kila siku.*
Mama wa Kimara

Hesabu kurudi nyuma. Mlangoni 11:35, kuvaa dakika kumi, uji dakika kumi, kuoga watoto wote wawili dakika kumi na tano: waamshwe saa kumi na moja kamili, wewe saa kumi na nusu. Dakika hazipotei kwenye kuoga, zinapotea kwenye kutafuta na kuamua. Usiku, kabla hujazima taa, kila mtoto awe na hanga moja lenye shati, kaptula au sketi, chupi na soksi zilizokunjwa pamoja. Pasi ipigwe jioni, umeme hauna ahadi ya alfajiri. Daftari la mawasiliano lisainiwe kabla ya chakula cha usiku, siyo kwenye ngazi ya basi. Uji upike usiku bila maziwa wala sukari, mwepesi kidogo kwa sababu unazidi kuwa mzito, umimine ukichemka kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Maziwa na sukari ni asubuhi.

Viatu vifungwe kamba pamoja vikivuliwa tu, viingie beseni la mlangoni. Cha leo kilichopotea, usianzie chumbani. Tazama chini ya kochi upande wa ukutani, kisha kwenye ndoo ya midoli, kisha kwa mbwa wa jirani. Cha kushoto mara nyingi kiko kwa mbwa.