Maswali yenu: Rachmaninoff, rubli 40 na kikohozi

Niliandika hapa juu ya Sergei Rachmaninoff, Mrusi aliyekuwa mpiga piano na mtunzi, barua zikamiminika. Nimechagua tano.

Natunga nyimbo za kwaya na kupiga kinanda. Naweza kuishi kwa utunzi peke yake? (Moshi)

Kinanda usikiache. Rachmaninoff alikuwa na miaka 19 alipotunga, mwaka 1892, ile preludi, kipande kifupi cha piano, inayofunguka kwa noti tatu nzito. Mchapaji wa Moscow alimlipa rubli 40, basi. Urusi haikuwa ndani ya mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, kwa hiyo nje wachapaji waliiuza bila kumpa hata senti. Kila alikopiga, watu hawakuinuka vitini mpaka awapigie hiyo hiyo, hata akaichoka. Wewe kabla hujagawa nakala, pitia COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, uzisajili nyimbo zako.

Ni kweli aliacha kutunga kwa sababu ya kusemwa? (Nairobi)

Kweli. Simfonia yake ya kwanza, tungo ndefu ya okestra, ilipigwa St. Petersburg mwaka 1897. Mazoezi yalikuwa haba, Glazunov aliyeiongoza hakuimudu, mtunzi mwenyewe kajificha kwenye ngazi. Mhakiki Cui akaifananisha na yale mapigo ya Misri ya kwenye Biblia. Karibu miaka mitatu kijana hakutunga kitu cha maana; alikula kwa kuongoza okestra ya opera. Mwaka 1900 alitibiwa na daktari Nikolai Dahl kwa mazungumzo na hipnosi, yaani kumtia mtu katika hali kama usingizi, na koncheto ya pili (tungo ya piano na okestra), iliyotoka baada ya hapo, akamtunukia. Dahl naye alikuwa akipiga viola, ala kama fidla, na mimi naamini hilo lilisaidia.

Nina miaka 34. Nimechelewa kuwa mpiga piano wa jukwaani? (Mbeya)

Yeye kazi hiyo aliishika rasmi akiwa na miaka 45, alipofika Marekani mwaka 1918 baada ya kuikimbia nchi yake na familia. Lakini usijidanganye: utotoni aliishi kwa mwalimu Zverev, ambako wanafunzi walianza mazoezi saa kumi na mbili asubuhi. Vidole alikuwa navyo. Alichopungukiwa ni vipande vya watunzi wengine, kwani alizoea kupiga vyake, ikabidi ajifunze upya kama mwanafunzi. Kama wewe vidole hivyo unavyo, jaribu.

Mbona huko ugenini alitunga kidogo? (Zanzibar)

Hesabu inaumiza. Mpaka anaondoka Urusi mwaka 1917 tungo zake zilikuwa zimefika namba 39. Miaka 25 iliyobaki, mpaka kifo chake mwaka 1943, ziliongezeka sita tu. Wengine husema ni majonzi ya kupoteza nchi, na yalikuwepo. Mimi nailaumu zaidi ratiba: treni, hoteli, ukumbi, treni tena, msimu mzima. Jukwaa lilimlisha yeye na jamaa zake, likamla mtunzi.

Na hata alichotunga hakukipiga kizima. Tungo yake ya 1931 juu ya wimbo uliohusishwa na Corelli, mtunzi wa kale wa Italia, ina vipande 20 vifupi. Alimwandikia rafiki yake Medtner, mtunzi mwenzake, kwamba anapoipiga husikiliza kikohozi: watu wakizidi kukohoa, anaruka kipande kinachofuata. Kwenye mji mmoja mdogo walikohoa hivi kwamba alipiga kumi tu. Wanakwaya wangu wangefurahi kupewa ruhusa hiyo.

Sina piano nyumbani. Nifanyeje? (Kigoma)

Mwaka 1909, akivuka bahari kwenda New York kupiga koncheto yake ya tatu, Rachmaninoff alifanyia mazoezi melini kwenye kibodi isiyotoa sauti. Mimi nilichora funguo kwa chaki kwenye meza ya kulia chakula. Mama alizifuta kila jioni kabla ya kupakua, nami nikazichora tena asubuhi, mpaka nikazijua bila kutazama.