Mtoto anaposema "mimi sijui kuchora"

Ukifundisha uchoraji shule ya msingi hii kauli utaisikia mpaka uichoke, ila sikiliza vizuri inatoka kwa nani. Wadogo hawaisemi. Mwambie mtoto wa miaka 6 achore tembo, anachora hapohapo, tembo ana miguu mitano na mkonga umeotea shavuni, halafu anazunguka nayo darasa zima kwa mbwembwe kila mtu aione. Mkute huyohuyo ana miaka 10 au 11, anachora mstari anafuta, anachora anafuta, mpaka karatasi inatoboka, na ukipita karibu na dawati lake anaifunika kwa kiganja. Mimi naona kazi kubwa ya mwalimu wa sanaa iko hapo katikati, mengine yote ni nyongeza.

Kinachotokea ni kwamba jicho limeutangulia mkono. Mtoto sasa anaona kabisa kwamba farasi wake hafanani na farasi, ila hajui afanye nini afanane. Kuna mwalimu mmoja wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, Viktor Lowenfeld, mwaka 1947 alizipanga hizi hatua vizuri tu. Miaka 2 hadi 4 ni kuchorachora, 4 hadi 7 maumbo yanaanza kutokea, 7 hadi 9 mtoto ana alama zake anazozirudia (jua kwenye kona, nyumba yenye paa la pembetatu, watu wote wamejipanga kwenye mstari mmoja chini ya karatasi), halafu kuanzia 9 hivi ndo anaanza kutaka kitu kiwe kama kilivyo. Umri sio sheria, wapo wanaowahi na wapo wanaochelewa, lakini ukizijua hizi hatua unaacha kabisa kufundisha darasa la chini na la juu kwa somo lilelile.

Kwa wadogo ushauri wangu ni mfupi, usiwasahihishe. Mtoto akichora nyumba na watu wa ndani wanaonekana kupitia ukuta hajakosea chochote, anachora anachokijua, hachori anachokiona. Mama akiwa mrefu kuliko mlango ni kwa sababu mama ni mtu muhimu kwenye hiyo picha. Wewe mpe karatasi kubwa, krayoni nene au brashi nene, na mada anayoisikia mwilini, kama "nakimbia mvua" au "nimebebwa mgongoni", sio "chora mandhari" maana hapo anakuangalia tu. Na usimuulize "hii ni nini?" kwa sababu umeshamwambia haieleweki. Sema "hebu niambie kuhusu picha yako", halafu vuta pumzi, utasimuliwa mambo ambayo kwenye karatasi hayapo, na mara nyingi anarudi mwenyewe kuyaongeza. Ukitaka picha ikue uliza maswali ya vitu vilivyopo, huyu mikono yake imeshika nini, huku nyuma ya nyumba kuna nani.

Sasa hawa wakubwa ndo kasheshe. Kuna walimu wanaamini mtoto aachiwe tu ajieleze, ukimfundisha mbinu unamharibia ubunifu wake, mimi kwa umri huu sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto wa miaka 11 anakuuliza mkono unachorwaje, wewe unamjibu "chora unavyojisikia", anajisikia vibaya ndo maana kauliza! Huyu anataka kufundishwa, na cha kwanza cha kumfundisha ni kutazama.

Zoezi ninaloanza nalo ni kiatu. Kila mtu anavua kiatu kimoja anakiweka juu ya dawati (ndiyo, fungua madirisha), anashika penseli, macho yako kwenye kiatu tu, karatasi haruhusiwi kuitazama mpaka amalize. Jicho litambae polepole kwenye ukingo wa kiatu na penseli itambae nalo, hainyanyuliwi. Dakika za kwanza ni vicheko maana kila mtu anachungulia, ukiwafunika mkono kwa karatasi nyingine wanatulia, na darasa linakuwa kimya kwa namna ambayo hata mtihani hauwezi. Michoro inatoka ya ajabu, kamba ziko kule soli iko huku, lakini angalia karibu, kuna mshono umefuatwa tobo kwa tobo, kuna kisigino kilichochakaa upande mmoja na mchoro umeliona hilo. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayeweza kuipatia hii kazi, hata yule bingwa wa darasa hawezi, kwa hiyo aibu inakosa mahali pa kukaa. Kipindi kinachofuata ndo unawaruhusu kuangalia karatasi, na hapo mwenyewe utaona tofauti.

Kingine ni uso. Waambie wachore uso bila maelekezo, karibu wote wataweka macho juu kabisa karibu na nywele. Halafu wakae wawiliwawili wapimane kwa penseli, kutoka utosini mpaka machoni, kisha kutoka machoni mpaka kidevuni. Ni karibu sawa! Macho yako katikati ya kichwa. Watabishana, watapimana upya, wengine watakuja kukupima na wewe. Hilo hawalisahau, kuliko ungeliandika ubaoni wakanakili. Nyingine nzuri ni kuchora nafasi iliyopo katikati ya miguu ya kiti badala ya kiti chenyewe, au kuigeuza picha juu chini ndo wainakili, yote inamlazimisha mtoto achore kilichopo mbele yake na sio kiti alichonacho kichwani.

Na jamani, penseli ya mtoto usiichukue. Najua unaona ni kurekebisha kidogo tu, lakini ukishaweka mstari wako kwenye karatasi yake ile kazi sio yake tena, na yeye anajua. Kama kuna kitu unataka kumwonyesha chora kwenye kipande cha karatasi pembeni, akishaelewa kitupe.

Rangi nitapita haraka. Anza na tatu tu, nyekundu, njano na buluu, wachanganye wenyewe. Wakitaka kijani waanze na njano, buluu waidondoshe kidogokidogo kwa ncha ya brashi, wakianza na buluu watamaliza kopo zima la njano na bado itakuwa ileile. Nyeusi mimi naificha mwanzoni, ukiiacha mezani kila kivuli kinakuwa cheusi na picha inakufa. Wakitaka kuipunguza nyekundu ukali waguse kijani kidogo, machungwa waiguse buluu, watashangaa.

Wale wa miaka 12 kwenda juu waonyeshe pia kazi za watu, ila usianze na historia. Mimi naipenda Guernica, picha ya mchoraji Mhispania Picasso. Weka picha, kaa kimya, waache watazame, kisha uliza mnaona nini, na akijibu muulize umeona wapi hicho. Watataja farasi anayelia, mama mwenye mtoto, taa, na lazima atatokea mmoja aulize mbona haina rangi. Hapo ndo unawaambia kwamba ilichorwa 1937 baada ya mji wa Guernica kule Hispania kupigwa mabomu, na kwamba ina upana wa karibu mita 8, wapime ukuta wa darasa waone kama ungetosha.

Maksi ndo sehemu ninayoipenda kidogo kuliko zote. Usiwape kwa kuangalia nani kachora vizuri, utawapa walewale muhula mzima. Kila mtoto awe na faili lake, kila mchoro uandikwe tarehe nyuma, na mwisho wa muhula mrudishe achore tena kiatu kilekile, michoro yote miwili iweke pamoja, yeye aseme kwanza kimebadilika nini kabla wewe hujasema.

Mwisho kabisa, acha dakika 10 za kusafisha kabla kengele haijalia, sio baada. Na brashi zioshwe zilazwe au zisimamishwe nywele zikiwa juu, zikilala kwenye kopo la maji kichwa chini zinapinda, na kipindi kijacho utasikia "mwalimu brashi yangu haichori", na safari hii atakuwa anasema kweli.