Mtoto Anapojiita Mjinga

Binti yangu alikuwa darasa la nne nilipokuta daftari lake la hisabati limetoboka. Alikuwa amefuta jibu moja la kugawanya mara nyingi hata karatasi ikachanika, na pembeni, kwa mwandiko mdogo wa penseli, alikuwa ameandika: "Mimi mjinga." Siku hiyo alikuwa amepata alama 46 kati ya 50.

Nilimwambia upesi kwamba ana akili kuliko wenzake wote. Alinitazama kidogo, akafunga daftari. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck, wa Marekani, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu, walivunjika moyo kuliko waliosifiwa kwa bidii, kwani aliyezoea kuambiwa ana akili huona kosa lolote ni dalili kwamba sifa ile haimstahili. Kwa hiyo niliacha kubishana naye. Namwuliza ni swali lipi lililomsumbua, tunakaa nalo mkekani, naye ananionyesha alipokwama. Mara nyingi amesahau tu kushusha tarakimu.

Lililoniuma zaidi lilitokea jikoni. Maharage yaliungua, nami nikasema kwa sauti, "Mjinga kweli mimi." Binti yangu, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, hakuinua hata kichwa, kwake hayo yalikuwa maneno ya kila siku. Muda wote nilikuwa nikitafuta chanzo shuleni, kwa mwalimu na kwenye zile nafasi za darasani (ambazo nazo zina lawama zake, na sikusikitika Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha mwaka 2023 kutangaza shule na wanafunzi kumi bora), kumbe maneno yenyewe aliyaokota kwangu. Sasa chakula kikiungua nasema, kwa sauti ileile, kwamba moto ulikuwa mkali na nilisahau kuongeza maji. Mwanzoni niliona kama naigiza.

Wengine nyumbani nao waelezwe. Kwetu alikuwepo bibi yake, ambaye kabla salamu hazijaisha alikuwa ameshauliza, "Umekuwa wa ngapi?" Kumwomba mama mkwe aache jambo kunataka adabu na subira, nami nilizunguka karibu wiki mbili kabla ya kulitamka. Siku hizi huuliza wamefundishwa nini, na mjukuu humwonyesha kugawanya kwa punje za mahindi.

Hata hivyo, mtoto anayekosa usingizi, anayekataa kula au kwenda shule, anayejiumiza au kusema afadhali asingezaliwa, apelekwe hospitali au kwa mshauri nasaha bila kusubiri.

Daftari la muhula huu lina makosa tele, kila moja limekatwa kwa mstari mmoja na jibu jipya limeandikwa chini yake. Raba niliyomnunulia Januari bado ina pembe zake zote nne.