Kochi si bahari tu

Mkuu, umeuliza kama mkoa wa Kochi kule Japani ni wavuvi watupu kwa vile ramani inaonyesha pwani ndefu. Hapana bwana. Upo kusini mwa kisiwa cha Shikoku, unatazama Pasifiki, lakini zaidi ya asilimia 80 ya ardhi yake ni misitu na milima. Sehemu tambarare ni chache, na hapo ndipo wanapobanana na mashamba yao. Kwa tangawizi ndio wanaoongoza Japani nzima.

Samaki wao ni katsuo, wa ukoo wa jodari. Wanamvua kwa fimbo na mshipi, mmoja mmoja. Kisha minofu inababuliwa kwa moto wa mabua ya mpunga, moto mkali wa dakika chache: nje imeungua, ndani bado mbichi na nyekundu. Wanakata vipande vinene, chumvi, kitunguu saumu kibichi juu, basi. Usiombe kiive zaidi, utawaudhi.

Ukifika mto Shimanto, angalia madaraja yake. Yako chini na hayana kingo, makusudi kabisa, ili mto ukifurika maji na magogo yapite juu bila kulibomoa daraja. Kupishana na gari pale, wewe!

Ila bahari wanaiogopa kweli. Mwaka 2012 serikali ilikadiria kuwa tsunami katika mji wa Kuroshio inaweza kufika mita 34, ndiyo maana utaona minara ya kukimbilia katikati ya nyumba za watu.